Maua Yaliyofumba Alasiri

Juzi nilimwona jirani yangu akiyamwagia maji maua yake ya kutambaa, yale yenye majani manene kama punje za wali. Aliyamwagia asubuhi, akarudi tena alasiri. Nilimdharau papo hapo, na dharau hiyo najua ilikotoka.

Shangazi yangu wa Pangani alikuwa na tuta la maua hayo mbele ya baraza. Siku chache kabla ya arusi ya binti yake alinikabidhi. "Yaangalie vizuri, wakwe watapita hapa." Sikuuliza yanaangaliwaje, niliona kuuliza ni kazi ya wajinga.

Kila alasiri yalifumba, nami nikadhani yanazimia kwa kiu. Nikayamiminia maji ya kisima, kisha maji ya kuoshea mchele, mpaka mchanga ukanuka uchachu. Siku ya arusi mashina yalikuwa mlenda mtupu.

Shangazi aliyabonyeza kwa kidole. "Yalifumba kwa sababu jua limepinduka, mwanangu. Nawe ukifumba macho usiku tukumwagie ndoo ya maji?" Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walicheka mpaka nyungo zikasimama.

Akayang'oa yote, akafagia. Wakwe walipofika waliusifu uwanja kwa usafi, nami nyuma ya mlango nikaamini wananikejeli. Leo najua hawakuwa na habari kwamba palikuwa na maua.

Jirani sijamwambia kitu. Kila asubuhi nachungulia dirishani kuona kama yameanza kuoza.