Kikohozi cha Chumba cha Mama Lakot

Wajukuu wangu husema korona ndiyo iliyomfundisha binadamu kuogopa kikohozi. Mimi huwaambia, nyamazeni huko. Kikohozi tulikiogopa zamani, hapa hapa mtaani Kamwokya, mwanzoni mwa mwaka 1978, na aliyekiogopa kuliko wote alikuwa jirani yangu Filda Akwero, tuliyemwita Mama Lakot.

Tulikuwa tunakaa mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja chini ya bati moja. Kuta za katikati hazikufika juu. Sijui mwenye nyumba aliishiwa matofali au aliishiwa huruma. Ukipiga chafya kwako, mtu wa chumba cha tatu anakuombea rehema. Mimi, Zubaida, nilijua kikohozi cha kila mtu pale kama ninavyojua sauti za wanangu.

Filda alikuwa Mwacholi, mrefu, mkimya, na samaki wake wa kukaanga hawakuwa na mfano. Alikuwa akiwafuata ziwani Ggaba asubuhi, mchana anawauza mlangoni kwake. Mumewe Opoka alikuwa karani wa polisi. Mwaka ule wa nyuma, Waacholi na Walangi walipoanza tena kukamatwa na askari wa serikali, Filda alitoka nje siku moja akatuambia, "Baba Lakot hakurudi jana." Tukaelewa. Siku zile mtu asiporudi, huulizi. Tulikwenda kumpa pole, tukakaa kwenye mkeka wake, akatupa chai isiyo na sukari, akalia. Kisha Filda akampeleka mtoto wao kwa bibi yake, kwao Kitgum.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mumdhanie vibaya kama nilivyomdhania mimi. Opoka hakuchukuliwa. Alipata habari mapema kwamba wenzake Waacholi wanakamatwa kazini, naye hakwenda. Alikuwa mle mle chumbani, nyuma ya pazia. Kwetu chumba ni kimoja na pazia hukigawa: mbele wanakaa wageni, nyuma kuna kitanda. Mgeni havuki pazia la watu. Hata awe mkubwa namna gani, akivuka amekosa adabu, tena adabu ya ndani kabisa. Basi Opoka alikaa nyuma ya kitambaa chenye maua, haongei, hacheki, na sisi tulikuja tukakaa, tukanunua samaki, tukaondoka. Haya niliyajua baadaye, ila nyinyi yajueni sasa.

Ndipo mafua yakaja. Si mafua ya kamasi tu, la! Homa inakuangusha, mifupa inauma, kifua kinapasuka. Redioni walisema ugonjwa huo unazunguka dunia nzima. Kwetu uliwapenda vijana. Sisi wenye umri mkubwa kidogo tulichechemea siku mbili tukainuka, vijana wakalala chali. Filda aliupata Ggaba sokoni, akakohoa, akapona. Lakini chumbani kwake kikohozi kiliendelea, tena kizito, kinatoka chini tumboni.

Mimi na mdomo wangu! Tuko bombani tunachota maji, wanawake wote wapo, nikamwambia, "Mama Lakot, kikohozi chako siku hizi kimeota ndevu!"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Na yeye alicheka, lakini ndoo yake ilifurika, maji yakamwagikia miguuni, naye amesimama tu.

Kesho yake nikaona maajabu. Filda alimfuata Wanjala, fundi baisikeli, kijana wa upande wa Busia, kule mpakani, aliyekaa chumba cha mwisho peke yake na homa yake. Akamshika mkono, akamleta kwake, akamtandikia mkeka mbele ya pazia. "Hana mtu wa kumpikia uji," alituambia. Tukasema, jamani, mjane mwenye moyo huyu! Wanjala akakohoa mchana na usiku. Na mimi nikasahau ndevu za kikohozi, maana sasa mwanamume yumo ndani na anaonekana.

Wanjala alipoanza kusimama, mdogo wangu Fadhul akaja. Fadhul alikuwa dereva jeshini, anaendesha zile gari ambazo watu wakiziona wanaingia ndani na kufunga mlango. Nilimpenda ndugu yangu, na nilimwogopa, nasema kweli. Kambini kwao wagonjwa walikuwa wamejaa, akaja kwa dada yake akitetemeka kama mtoto. Lakini kwangu, mwanangu Sulaimani na wadogo zake wote walikuwa chini wanawaka homa, hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Nikamkokota mpaka kwa Filda.

Filda alisimama mlangoni, mikono kwenye fremu.

"Mama Sulaimani, si bora umpeleke hospitali, Mulago?"

"Tumetoka huko. Wamempa vidonge, wamesema akapumzike."

"Mimi... chumba ni kidogo."

Hasira zikanipanda. "Wanjala si ndugu yako wala si kabila lako, umemwuguza. Wangu amekukosea nini?"

Sasa angejibu nini, masikini? Akasema ana mume nyuma ya pazia? Alimtazama Fadhul, akatazama viatu vyake vya jeshi, akasogea pembeni. "Karibu, afande," akasema. Wanjala akarudi kwake siku ile ile, na Fadhul akalala kwenye mkeka wake, hatua chache tu kutoka kwa Opoka.

Kikohozi nilichokisikia baada ya hapo, wallahi, kilinitoa usingizi. Hakikupumzika. Nikasema ndugu yangu anakufa. Nilikuwa nampelekea mchuzi na tangawizi, nampokeza Filda mlangoni kwa sababu wanangu walinisubiri, narudi. Filda alikonda kuliko wagonjwa wake.

Wanangu walipopona, nikapata nafasi ya kufikiri. Sahani za Fadhul zilirudi tupu, mifupa imetafunwa. Kisha akaagiza pilipili. Pilipili! Mtu mwenye kifua kile! Na bado alikuwa anakohoa kila saa. Nikasema ahaa, bwana huyu amepona zamani, amenogewa. Mjane mzuri, samaki wa kukaanga, mkeka laini. Na huyo Filda mkimya kumbe alijua anachokifanya tangu mwanzo. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikaenda kumtoa. Hata hodi sikupiga.

Fadhul alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoa, shati amelipiga pasi. Filda alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la mkaa, mwiko mkononi. Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya pazia mtu alikohoa. Hapo hapo Fadhul akaweka ngumi mdomoni akakohoa kwa nguvu kukifunika kikohozi kile, mpaka yule wa ndani akamaliza.

"Funga mlango, dada," akaninong'oneza.

Nikaufunga.

"Nani yumo humo?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani, Fadhul?"

"Kama mimi tu. Siku ya kwanza nilidhani ni homa inanichezea akili. Nikinyamaza mimi, anaanza yeye. Baadaye nikamzoea. Akichelewa kukohoa nilikuwa siwezi kulala, nasikiliza kama bado yu hai."

"Unajua ni nani?"

"Sijui. Pazia la watu sijavuka." Alisema hivyo akimtazama Filda, si mimi. "Mtu akiniuliza, nitaapa kwamba sijamwona yeyote, na sitakuwa nimesema uongo."

Filda hakuinua uso. Uji ulikuwa unaungua, hakuna aliyeujali. Nilimwangalia ndugu yangu, yule ambaye mtaa mzima ulimkimbia, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

"Kesho lazima nirudi kazini," Fadhul akasema. "Nikichelewa zaidi watanifuata hapa. Sasa nani atakohoa?"

"Bado hawezi kusimama," Filda akasema polepole. Hapo nikajua ni Baba Lakot.

"Wewe ondoka alfajiri watu hawajatoka," nikamwambia Fadhul. "Mengine niachie mimi. Mungu hakunipa mdomo huu bure."

Asubuhi nikaenda bombani kutangaza. Jamani, Fadhul wangu amezidiwa! Msimwendee, ugonjwa umerudi upya, unaambukiza vibaya! Kikohozi kilisikika kutoka kwa Filda, wanawake wakatikisa vichwa wakanipa pole, wakaondoka na ndoo zao. Akabaki Wanjala, anajaza dumu lake. Nikamwambia na yeye, "Ndugu yangu amezidiwa, Wanjala. Unamsikia?"

"Namsikia," akasema. Alifunga bomba. "Lakini ana nafuu sasa. Mimi nilipolala pale, kabla ndugu yako hajaja, alikuwa anakohoa vibaya zaidi."

Nikaiweka ndoo yangu chini. Kumbe na yeye alijua! Alilifunga dumu nyuma ya baisikeli yake taratibu, akahakikisha kamba imekaza.

"Akiweza kusimama, mniambie," akasema. "Kwetu ni Busia. Njia za kule nazijua, za mchana na za panya." Akapanda baisikeli akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Filda. Alikuwa mlangoni anapara samaki, akaniangalia kwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimeacha ndoo yangu bombani.

"Mama Lakot," nikamwambia kwa sauti ya chini, "mpikie mumeo chakula cha nguvu. Ana safari."

Tangu siku ile tuliyompa pole, hakuna aliyekuwa amemtajia mumewe kama mtu aliye hai. Kisu kilimponyoka. Alikaa chini palepale, akafunika uso kwa mikono yenye magamba ya samaki, akaanza kulia kwa sauti. Na mimi nikasimama mbele yake, nikakohoa kwa nguvu zangu zote mpaka alipomaliza.