Miguu ya Mtani Wangu

Nilikuwa dresa kijana, msaidizi wa tabibu, katika zahanati moja ya Kisarawe. Habari za mishipa ya fahamu nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kikuukuu cha Kiingereza na kamusi. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, sikuliamini jibu langu lolote. Kila kipimo nilikirudia mpaka wagonjwa wakanichoka.

Akaletwa mkulima wa makamo, amebebwa kitandani. Alikuwa ameharisha, akapona, kisha miguu ikaanza kufa ganzi na kulegea kuanzia nyayoni. Niligonga chini ya magoti yake kwa ubavu wa kiganja, miguu haikuruka. Siku hizi nasoma kwamba wapo madaktari wanaoshuku kinga ya mwili yenyewe ndiyo huishambulia mishipa. Wakati ule nilijua jambo moja tu: udhaifu ule ukipanda mpaka kifuani, pumzi hukatika, na hospitali ilikuwa Dar es Salaam.

Tatizo, yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani, na mtani akikuuliza jambo, kumjibu sawasawa ni kama kumnunia.

Nilimfunga macho kwa kanga ya mkewe, nikampitishia unyoya wa kuku mguuni.

"Unasikia?"

"Umenichoma mkuki! Nyie Wanyamwezi, baba zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani wakasahau njia ya kurudi, leo mnataka kubeba na miguu yangu!"

"Mjibu vizuri, mume wangu," mkewe alisema huku akicheka.

"Huyu? Atazoea."

Nami nilicheka, ila moyoni nilitaka kulia. Ningejuaje ganzi imefika wapi?

Asubuhi iliyofuata nikarudia.

"Nyie Wanyamwezi," akaanza, akavuta pumzi. "Baba zenu..." Akavuta tena. "Walibeba..."

Mkewe alikuwa bado anacheka. Niliuweka unyoya chini.

"Nitukane tena, mtani. Kwa pumzi moja."

Alijaribu. Hakufika hata kwenye mizigo.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kupima tena, nipate uhakika. Badala yake nilikimbilia barabarani, nikasimamisha lori la mihogo. Tukampandisha, mkewe amemwegemeza kifuani ili akae wima. Njiani nilimshika mkono.

"Mtani," alisema kwa sauti ndogo, "umenishika? Sisikii."

Hakuwa anatania. Baadaye alipona, akatembea kwa magongo, lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Mkono ule sikuuachia mpaka tulipofika mlangoni mwa hospitali.