Usiseme Umekuja Kuvamia

Mwanangu, umeandika kwenye simu kwamba Jumapili wewe na wenzako mtawavamia wajomba zako huko Wamaza. Najua unatania. Lakini nakumbuka siku moja nilipokaribia kumkosa mama yako kwa neno hilo hilo.

Nilitoka Kasongo na baba yangu mdogo, msemaji wangu, kwenda kumposa. Pikipiki ilikuwa imetubeba sisi na mbuzi. Baba mdogo alikuwa mcheshi kupita kiasi, nami nilimpenda kwa hilo. Tulipofika uani akaita kwa sauti, "Wenye nyumba, tumekuja kuwavamia!"

Tulisikia vishindo vya miguu. Sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa inachemka jikoni, mlango wa nyuma uko wazi, na watu wote wanakimbilia kwenye mihogo. Binti niliyekuja kumposa alikuwa kati yao, amembeba mdogo wake mgongoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyerudi wa kwanza ni bibi yake, miguu imejaa tope. Hakupandisha sauti.

"Kuvamia ni kuingilia mutu bila yeye kujua, unataka kumuumiza," akamwambia baba mdogo. "Siafu wanavamia kuku. Wenye bunduki walivamia huu muji, nikazika mutoto wangu. Weye uko mugeni. Sema umefika."

"Mama, nilikuwa nacheka tu."

"Najua. Rudia ku njia, upige hodi."

Basi baba mdogo, mtu mzima mwenye mvi, akarudi barabarani, nami nyuma yake nikivuta mbuzi. Akapiga hodi. Bibi hakuitikia. Aliwangoja watu wake watoke shambani, mmoja mmoja, mpaka mama yako naye akafika, akamshusha mtoto na kukaa. Ndipo bibi akasema, "Karibuni." Mpaka leo sijasikia neno tamu kama lile.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda bila taarifa, sema umefika ghafla, uombe radhi, utapewa kiti. Kuvamia ni neno la siafu, la majambazi na la vita. Litumie hapo, na ulitumie kwa uzito wake. Hujui mwenye nyumba amewahi kulisikia siku gani.

Nenda salama, uwasalimie wajomba. Mungu akujalie sauti ambayo watoto wakiisikia mlangoni, watakimbia kuja kwako.