Korosho za Njia ya Ntalikwa

Wasomaji, mimi nimeshajicheka vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Ni fundi rangi hapa Ng'ambo, nachora maua kwenye madigadi ya baiskeli, na hujigamba kwamba rangi nikishaiona siisahau.

Juzi nilikuwa nakwenda shamba la ujamaa Ntalikwa, nikaona wanawake wawili wakitembea mbele yangu. Mmoja alijitanda kanga nyekundu yenye korosho nyeusi, pindo lake limejaa vidoti vyeupe. Jamani, uzuri ule! Nikashuka kwenye baiskeli, nikatoa kipande cha mkaa, nikaanza kuzinakili korosho kwenye boksi la sigara huku nawafuata. Wakiongeza mwendo, nami naongeza. Wakipunguza, napunguza.

Walipokaribia kona nikaona kanga itanipotea. Nikapaza sauti: "Mama mwenye kanga, simama hapo hapo! Zunguka taratibu nikuone vizuri!"

Akageuka. Alikuwa mama mkwe wangu, ambaye kwa mila zetu Wanyamwezi hata kupishana naye njiani ni mwiko. Nikimwona mbali, naingia porini mpaka apite.

Baiskeli ikaniponyoka. Yeye akajifunika uso kwa kanga ile ile, akamgeukia mwenzake, maana haongei nami: "Hebu mwulize mkwe wetu, kanga aliyonichagulia mwenyewe alipoleta mahari, leo ameshaisahau?"