Mke wa Mwalimu wa Kisomo

Epifania wa Munanila alijua kusoma kuliko nusu ya watu waliokuwa wakimcheka kwamba hajui. Zaidi ya mwaka mzima alikaa benchi la mbele katika darasa la kisomo cha watu wazima, akiandika herufi zilizolala chali, na watu wakavunjika mbavu. Wangekosaje kucheka, na mwalimu wa darasa hilo alikuwa mumewe mwenyewe, Bazilio! Wakamtania kwamba anaangaza kijiji kizima huku nyumbani kwake giza. Bazilio alitabasamu tu. Hakuwa na haraka hata kidogo ya mkewe kujua kusoma, na sababu yake anaijua.

Epifania alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, peke yake, na sufuria moja. Mume wake wa kwanza, Ntirampeba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena ndiye aliyemfundisha kusoma, jioni baada ya kazi, kwa uvumilivu mwingi. Mwaka ule waliosoma walikuwa wakisakwa na kuuawa. Walipotengana njiani alimwambia, "Ukiulizwa, sema hujui hata a." Epifania akashika. Alisema hivyo mpakani, akasema hivyo kwa Philomena, mjane wa Kiha aliyempokea Munanila, na akaendelea kusema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza kwa ubaya. Alikuwa bado anaogopa, basi.

Wakati huo Bazilio ndiye aliyewasomea watu barua zao. Alikuwa kijana wa Buhigwe, mcheshi, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa hata siku ya kulima. Kila alipopita kwa Philomena alikuwa na sababu: leo anaomba moto, kesho anarudisha jembe ambalo hakuliazima. Epifania alimtaka. Alijua ana mume, alijua ni dhambi, na alimtaka.

Februari sabini na tatu ikaja barua kupitia parokia. Bazilio akaifungua uani, akaisoma kimya mara mbili, kisha akakunja uso.

"Dada Epifania, pole sana," akasema. "Ntirampeba amefariki. Homa."

Akampa ile karatasi bila wasiwasi. Asiyejua kusoma ataifanyia nini? Epifania akaitazama. Mwandiko ulikuwa wa Ntirampeba mwenyewe, kwa Kirundi, ambacho Muha hukielewa bila mkalimani: *Nipo Uvira, ng'ambo ya ziwa, nimepata kazi ya kufundisha. Sijui kama ulifika. Nakungoja mpaka Pasaka. Usiponijibu nitajua hukufika, nami nitakuombea.*

Philomena alikuwa amekaa pale pale, anachambua maharage. Neno moja lingetosha, na Bazilio angekosa pa kuweka uso wake. Badala yake Epifania akajishika kichwa. "Mama we! Mama we!" Akalia mpaka majirani wakaja. Machozi yalikuwa ya kweli, maana alijua anachokifanya. Pasaka ikapita, na yeye hakujibu.

Kabla ya ndoa padri alitaka kuiona barua hiyo ya msiba. Epifania akamwahi Bazilio kujibu.

"Ilinyeshewa, Padri. Imeoza."

Saa hiyo hiyo barua ilikuwa imekunjwa ndani ya kitenge chake. Bazilio akamtazama kwa shukrani, akadhani ni hamu ya kuolewa tu. Wakaoana, na wakapendana, hilo nalo lisemwe. Alimchekesha mpaka ugali ukaungua.

Lakini kila baada ya miezi michache Epifania aliitoa ile karatasi kwenye kopo, akamwekea Bazilio mapajani. "Nisomee marehemu," anamwambia. Naye Bazilio anasoma, jasho linamtoka, akijaribu kukumbuka alichosema mwanzo. Homa ikawa ya siku tatu. Wakaongezeka majirani waliochimba kaburi. Epifania alikuwa akiburudika kidogo kumwona akihangaika, tusimsafishe.

Februari sabini na tano Bazilio akajisahau. Alilainisha sauti, akasema, "Anasema hapa, mke wangu, nikifa uolewe na mtu mwema atakayekutunza."

Epifania alirudisha karatasi kwenye kopo, akiificha hasira. Kumzulia Ntirampeba kifo, hapo walishirikiana. Lakini kumfanya Ntirampeba huyo huyo awape baraka! Alikaa na hasira hiyo miezi sita, anapika, anacheka, anafua yale mashati.

Agosti ukaja mtihani wa kisomo, nchi nzima. Munanila hakuna mwalimu aliyeruhusiwa kuwapima wanafunzi wake mwenyewe, hivyo Bazilio akasimama nje, dirishani, na ndani akaketi Bwana Khatibu, afisa wa kutoka Tanga aliyepangiwa Kasulu.

"Mama, usiogope," akasema Khatibu, ambaye alikwisha kusikia habari zake. "Ukitambua herufi tano, inatosha."

Epifania akapokea kitabu cha kilimo. Akasoma ukurasa mzima, akafunua, akasoma na wa pili bila kuombwa. Waliokuwa wameanza kucheka wakainua shingo kumwona.

"Mashallah! Nani amekufundisha hivi?"

"Mume wangu," akajibu.

Chumba kizima kikageukia dirisha na kumpigia Bazilio makofi. Bazilio alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Nyumbani Epifania alimkuta Bazilio ameketi juu ya kinu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla sijakujua."

"Kwa hiyo siku ile..."

"Siku ile barua niliimaliza kabla hujamaliza kunipa pole."

"Mbona hukusema?"

"Nilikutaka." Akaliendea kopo, akatoa karatasi. "Sasa nisomee. Ilivyoandikwa."

Bazilio akasoma, pole pole, hadi *nitakuombea*. Alilia, mtu mzima yule. Epifania hakumbembeleza. Naye alikuwa na aibu yake, kubwa kuliko ya Bazilio, kwa kuwa yeye alimjua Ntirampeba.

"Miaka miwili na nusu ananiombea kama maiti," akasema, "na mimi nimekaa hapa nakula."

Akachana karatasi kwenye daftari la kisomo, akaandika akiwa amepiga magoti, kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja, ule ule aliofundishwa jioni baada ya kazi.

"Akija je?" akauliza Bazilio.

"Akija atatukuta. Soma."

Bazilio akafuta macho, akasoma kwa sauti: "Ntirampeba, nilifika. Barua yako niliipata kabla ya Pasaka. Epifania."

Kesho yake asubuhi wakapanda lori la mihogo kuipeleka posta Kasulu, wote wawili, kwa kuwa Epifania hakumwamini kuibeba peke yake.