Bunduki ya Uji

Orrin Vigness alifariki Januari, akamwachia mkewe Lorna nyumba, mbwa mwenye kiburi, na bunduki ambayo risasi zake haziuzwi popote, Montana wala kwingineko. Chemba yake, yaani tundu risasi inamokaa, aliichonga mwenyewe, pana kidogo kuliko ya kiwandani, kwa imani yake ya siku zote kwamba viwanda havijui kitu.

Delmar, mdogo wa marehemu, alisubiri kwanza mazishi yaishe. Kwa hilo lazima tumsifu.

"Shemeji, bila Orrin hiyo ni fimbo tu. Nipe mimi."

Lorna, mpishi mstaafu wa shule yetu, akamwambia kwamba kwenye shindano la kulenga shabaha la Septemba atalipiga bamba la chuma lililo umbali wa yadi elfu moja kwa fimbo hiyohiyo. Akilipiga, Delmar asimtajie tena bunduki. Akikosa, aichukue pamoja na mbwa. Delmar akasema mbwa abaki.

Ikabidi kwanza atengeneze maganda ya risasi yanayoienea chemba hiyo. Kwetu mtu huchukua ganda la kiwandani, akatia baruti kidogo, akalijaza unga wa uji wa ngano, ule wa watoto, akaziba mdomo kwa nta na kufyatua bila risasi. Ganda huvimba likaenea chemba kama mguu kwenye kiatu chake. Masika yote ua wa Lorna ulinuka uji ulioungua, na mwenye duka alikonunua unga akampongeza kwa kupata wajukuu.

Kisha akakosea. Alipoyabana maganda kwenye kalibu ya chuma ili midomo ishike risasi, aliishusha kalibu hadi mwisho, kama karatasi ya maelekezo ilivyoagiza. Mabega ya maganda, pale yanapoanza kuwa membamba, yakasukumwa chini, na kazi ya masika ikafutika. Ikabidi ayavimbishe upya, na shaba ikinyooshwa mara mbili hudhoofika karibu na kitako. Akachukua waya, akaupinda ncha, akapapasa kila ganda kwa ndani akitafuta mfereji unaoashiria ufa. Mengi akayatupa.

Delmar alipita, akauliza kama siku hizi anapika au anapiga.

"Nenda kwako, Delmar," akasema Lorna, waya ukiwa bado ndani ya ganda.

Maganda yaliyosalimika akayatumia kiangazi kizima: anaongeza punje za baruti, anapiga shabaha ya karatasi, anapunguza, anapiga tena, mpaka matundu yakashikana. Ilipofika Septemba, maganda mazima yalikuwa mawili tu.

Hapa petu mtu anaweza kudanganya kuhusu ukubwa wa kulungu aliyemuua, na hudanganya. Lakini anayekaa kwenye darubini nyuma ya mpigaji hasemi uongo kuhusu mahali risasi ilipotua, hata kwa adui yake. Siku ile kura ilimweka Delmar nyuma ya Lorna.

Risasi ya kwanza iliinua vumbi. Delmar peke yake ndiye aliyeona wapi. Aliirekebisha darubini, akatazama tena.

"Kushoto," akasema. "Upana wa bamba moja. Kimo ni sawa."

Lorna hakumuuliza kama ana hakika. Alilenga kulia zaidi, akatoa pumzi, akafyatua. Mlio wa chuma ulichelewa kutufikia. Delmar alikuwa ameshaona.

"Umelipiga, shemeji."

Delmar akaliokota ganda kwenye nyasi, likiwa bado la moto, akalizungusha akiyatazama mabega yake. Kisha akamrudishia Lorna.