Salamu za Mwinjuma kwa Dalali wa Hisa

Mwinjuma wa Tanga alikuwa mpangaji mwenzangu Stechford, huko Ulaya, mtu wa kiwandani, mpole. Mapema mwaka 1970 alichukua akiba yake, iliyokuwa imefika nusu tu ya nauli ya kumleta mkewe Jokha, akanunua hisa mia mbili za kampuni changa ya Australia. Gazeti lilisema wamechimba shimo refu jangwani wakakuta madini ya nikeli. Alinunua kwa shilingi tano kila moja. Baada ya wiki tatu zikafika thelathini.

"Uza leo leo!" akasema Gurbachan, seremala kutoka Nairobi, ambaye tulikaa naye nyumba moja.

Tukaenda wote watatu kwenye kibanda cha simu. Mimi nilishika mlango tu, maana kuzungumza na dalali nisingethubutu. Mwinjuma akatia sarafu.

"Bwana Pettifer, habari za asubuhi? Umeamkaje? Na mama hapo nyumbani? Mgongo bado? Aa, pole sana."

Pettifer, nadhani hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza, akaueleza mgongo wa mkewe pingili kwa pingili. Sarafu ikaisha, simu ikalia tii-tii-tii, ikakatika.

"Wewe! Hujauza!" akafoka Gurbachan.

"Nimwamrishe mtu kabla sijajua kaamkaje? Mimi polisi?"

Kesho yake ikawa vilevile, safari hii na goti. Siku ya tatu gazeti likasema shimo la pili limetoa matope matupu. Bei ikaanza kuporomoka. Gurbachan akaishika simu yeye.

"Uza hisa za Mwinjuma! Zote!"

Dalali akakataa. Alisema yeye anamfahamu Mwinjuma, na Mwinjuma hafokei watu.

Ikabaki sarafu moja. Mwinjuma akapiga tena, jasho linamtoka na nje kuna theluji.

"Ni Mwinjuma. Uza zote," akasema, akakata. Akatoka kibandani ameinamisha kichwa, kama mtu aliyemtukana mzazi.

Ziliuzwa kwa shilingi kumi na moja kila moja. Pesa zilitosha tiketi ya Jokha, na chenji ya koti.

Jokha alifika Aprili. Tukiwa mezani Gurbachan akamsimulia yote, akingoja acheke. Jokha akaweka kijiko chini.

"Mume wangu, yaani mimi nimeletwa Ulaya kwa simu isiyo na salamu?"

Hakugusa tena wali mpaka Mwinjuma alipovaa viatu kwenda kumpigia Pettifer simu ya salamu.